Tukitaka kazi ya ordinatere, tusikimbie hesabu

Mwisho wa mwaka unakaribia, na wadogo wetu wa darasa la nane sherti wachague opsioni. Hapa Ngezi neno moja linasikika kila mahali: informatiki. Wazazi wanalipenda, wanafunzi pia. Wanasema iko kazi ya mshahara mzuri, kazi safi, mtu anakaa kivulini. Sisi wa humanité tunakubali kwamba kazi hiyo ni nzuri. Lakini tunaona wengi wanaitafuta kwa mlango usio wake.

Mlango huo ni huu: "Hesabu inanishinda, basi nitaenda informatiki." Ni sawa na kusema, "Naogopa maji, basi nitakuwa mvuvi wa Ziwa Albert."

Ordinatere inafuata amri ambazo watu wameziandika hatua kwa hatua, na kuzipanga amri zile ni hesabu. Tutoe mfano usiohitaji hata umeme. Daftari ya shule iko na majina 1000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Wewe unatafuta jina moja. Ukisoma moja moja kutoka juu, pengine utayasoma yote 1000. Lakini ukitazama jina la katikati, ukajiuliza, "Langu liko mbele au nyuma?", ukaacha nusu isiyofaa, ukafanya vile tena kwa nusu iliyobaki, utalipata bila kupita mara 10. Juu ya nini 10? Kwa sababu ukizidisha 2 kwa 2 mpaka zifike 2 kumi, unapata 1024. Ile ndiyo informatiki. Aliyeielewa ameanza kazi, hata kama hajagusa mashini.

Tutazame sasa mshahara. Kupiga mashini, kutoa fotokopi, kumwandikia mtu barua: ni kazi ya heshima, hatuidharau. Lakini inajifunzwa kwa miezi michache, wenye kuijua wako wengi, kwa hiyo bei yake inashuka. Angalieni pesa za simu. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007, ikafika Kongo mwaka 2012. Mwenye kibanda barabarani anapata komisio ndogo kwa kila mteja. Lakini nyuma yake wako watu walioandika programu, wanaoilinda juu ya wezi, wanaoisimamisha tena inapoanguka usiku. Hao ni wachache, na ndiyo sababu wanalipwa vizuri.

Tena si kila kazi ya mbele ya ekrani ni nzuri. Mwaka 2023 gazeti TIME la Marekani lilieleza habari za wafanyakazi wa Nairobi waliosoma maandishi machafu na ya kutisha, saa kwa saa, ili mashini ijifunze kuyatambua. Walilipwa chini ya dola 2 kwa saa, na wengine waliumia rohoni. Ile pia ni kazi ya ordinatere. Basi jina la kazi peke yake halimlindi mtu.

Upande mwingine, tumtazame Mama Thérèse Izay Kirongozi. Mwaka 2013 yeye na wenzake waliweka mjini Kinshasa maroboti ya kuongoza magari kwenye njia panda. Roboti zile zilipita mtu kwa urefu, zilipata umeme wa jua, na zilikuwa na kamera. Kuzitengeneza kulitaka umeme, mekaniki, hesabu na programu pamoja. Yeye ni injinia, tena mwanamke. Dada zetu wasikie. Na furaha ya kazi iko pale: kuona shida ya mji wako na kuitatua kwa akili yako.

Hapa Bunia shida ziko nyingi. Karatasi za wagonjwa zinapotea, dawa zinakwisha bila mtu kujua, umeme unakatika, intaneti inakwenda na kurudi. Anayeweza kutengeneza programu inayofanya kazi bila intaneti, kwa betri ndogo ya jua, atakuwa na faida kwa watu wa hapa. Tunaamini huyo hatakosa wa kumwita.

Hatusemi kwamba diploma inaleta kazi yenyewe. Wenye lisansi wanaouza yuniti za simu tunawajua. Ndiyo sababu tunaandika. Wazazi wengi walikimbia vita vya Djugu, wakaanza maisha upya hapa mjini bila shamba wala ng'ombe. Franka wanayolipa shuleni inatoka kwenye jasho. Si haki itumike kununua karatasi ya kutundika ukutani.

Basi tunaomba mambo matatu. Kwanza, wadogo wetu: anayetaka informatiki kweli, na alama zake zinaruhusu, asiogope hesabu-fizika. Akichukua opsioni nyingine, asifunge daftari yake ya hesabu. Pili, wazazi wetu: kabla ya kulipia mafunzo, ulizeni, "Mtoto akimaliza, ataweza kutengeneza nini mwenyewe?" Msiulize breve tu. Tatu, wakubwa wa shule: chumba cha mashini kifunguliwe Jumamosi, hata kama ni mashini chache na tunakaa wanne wanne. Siku umeme haupo, tupewe ubao na chaki, tupange amri kwa mkono.

Mshahara mzuri unafuata ujuzi ambao wengine waliukimbia kwa kuona ni mgumu. Wadogo wetu, hesabu ni ngumu kwetu pia, lakini jioni tunakaa pamoja na kuirudia. Njooni tukae.

Wanafunzi wa mwaka wa nne, humanité