Usikimbilie kusema ‘gesi imeisha’

KATI ya Desemba na Machi joto la Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar halipumziki hata usiku. Ni miezi hiyo ambayo mafundi wa viyoyozi hawapatikani kirahisi, na ni miezi hiyohiyo ambayo familia nyingi hugundua kuwa mashine iliyo ukutani inanguruma tu, chumba hakipoi.

Kinachofuata kinajulikana. Fundi anaitwa, anagusa mabomba ya nje, anasema gesi imeisha, anajaza na kulipwa. Mwaka unaofuata wimbo ni uleule. Fedha ambayo ingesaidia ada ya shule inakwenda kwenye tatizo ambalo huenda lilikuwa vumbi tu.

Ni vizuri kila nyumba yenye kiyoyozi ikaelewa jambo moja: gesi yake haiishi kwa kutumika, kama inavyoisha gesi ya kupikia au mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, inabeba joto la chumbani, inalitupa nje, kisha inarudi kuchukua jingine. Ikipungua, maana yake kuna mahali inavuja. Kujaza bila kuziba panapovuja ni sawa na kumwaga maji kwenye pakacha.

Kwa hiyo kabla ya kupiga simu, tenga nusu saa upitie mambo yafuatayo.

Umeme na rimoti

Mashine isipowaka kabisa, angalia kwanza kama LUKU ina uniti, kisha swichi ya ukutani na breka ya kiyoyozi kwenye boksi la umeme. Breka ikiwa imeshuka, ipandishe mara moja tu. Ikishuka tena, iache hivyo na umwite fundi. Kamwe usikubali kuwekewa breka kubwa zaidi ili isishuke. Kazi yake ni kukata umeme kabla waya haujashika moto.

Kisha geukia rimoti. Watoto huichezea, na alama ndogo kwenye kioo chake hubadilika bila mtu kujua. Alama ya theluji ndiyo ya kupoza. Alama ya feni hupuliza hewa tu, ya tone la maji hupunguza unyevu, na ya jua huleta joto. Viyoyozi kadhaa “vibovu” hupona hapo.

Ukitilia shaka rimoti yenyewe, badilisha betri. Unaweza pia kuielekeza kwenye kamera ya simu huku ukibonyeza kitufe. Kwa simu nyingi, rimoti nzima huonyesha mwanga mdogo kwenye skrini ambao macho hayauoni.

Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika tatu hadi tano kabla ya kuwasha. Mashine nyingi zenyewe huchelewa kidogo kuanza kupoza ili kulinda kompresa, hivyo kuzima na kuwasha mfululizo hakusaidii, kunaumiza.

Na usishushe hadi nyuzi 16 ukidhani chumba kitapoa haraka. Kwa nyumba nyingi nyuzi 24 hadi 26 zinatosha, hasa penye mtoto mchanga au mzee, na uniti za LUKU zitakaa zaidi.

Chujio: chanzo cha malalamiko mengi

Hapa ndipo afya ya familia na mfuko wa familia vinapokutana. Kiyoyozi cha ukutani kwa kawaida hakileti hewa mpya kutoka nje. Kinavuta hewa ileile ya chumbani, kinaipoza na kuirudisha. Vumbi la barabarani, nyuzi za mapazia, nywele na manyoya ya paka vyote hupita hapo. Chujio likiziba, hewa haipiti vizuri, chumba hakipoi, umeme unaliwa zaidi, na uchafu uliokusanyika unakuwa jirani wa pua zenu usiku kucha. Kwa mtoto mwenye pumu au mafua ya mzio, usiku huo huwa mrefu.

Kulisafisha si kazi ngumu. Zima mashine na uzime pia breka yake. Mtoe mtoto chumbani na uvae barakoa. Simama kwenye kitu imara, inua mfuniko wa mbele wa mashine ya ndani, kisha chomoa machujio taratibu. Mara nyingi ni mawili. Yaoshee nje kwa maji ya kawaida na sabuni laini. Usitumie maji ya moto wala brashi ngumu. Yaanike kivulini, kwa sababu jua kali hupinda plastiki, na yarudishe yakiwa yamekauka kabisa.

Katika miezi ya joto, fanya hivyo kila baada ya wiki mbili. Nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi inaweza kuhitaji kila wiki.

Harufu ya uvundo

Mashine ikitoa harufu kama ya nguo iliyolowa na kufungiwa, dalili ni kuwa ukungu umeota kwenye sehemu za ndani zenye unyevu. Ukungu huo huchochea kikohozi na kubanwa kifua kwa wenye pumu. Kuosha chujio kunaweza kusitoshe. Hapo fundi anahitajika kuosha sehemu ya ndani kwa vifaa vyake. Usipulizie manukato wala dawa ya klorini. Manukato huficha tu harufu, na klorini huharibu chuma na kuwasha mapafu.

Ili ukungu usirudi haraka, kabla ya kuzima mashine iache kwenye feni pekee kwa dakika 20 hivi, ndani pakauke. Asubuhi fungua madirisha. Chumba kilichofungwa muda wote hukusanya pumzi za wote waliolala humo, na mwenye mafua au kifua kikuu huwaambukiza wengine kwa urahisi zaidi.

Maji yanadondoka ndani

Maji yanayotoka nje kupitia mpira ni dalili njema. Ni unyevu wa hewa uliopoa na kugeuka kuwa maji. Yakianza kudondokea kitandani, mara nyingi mpira wa kutolea maji umeziba kwa ute, vumbi au kiota cha mdudu. Angalia ncha yake ya nje. Kama unaifikia ukiwa umesimama chini, ondoa uchafu na uhakikishe mpira haujakunjwa wala haujazama kwenye maji.

Wengi huweka ndoo kukinga maji hayo. Si vibaya kuyatumia kupigia deki, lakini ndoo isikae. Mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kueneza homa ya dengi, hutaga kwenye maji yaliyotulia namna hiyo, na katika joto letu yai linaweza kuwa mbu kamili ndani ya wiki moja hivi. Dar es Salaam iliionja homa hiyo mwaka 2014 na tena 2019. Mwaga ndoo kila siku na uisugue kuta zake, maana mayai hung’ang’ania hapo. Maji hayo si ya kunywa.

Barafu kwenye mabomba

Barafu si dalili ya mashine kupoza sana. Ni dalili kwamba hewa haipiti vya kutosha au gesi imepungua. Zima upozaji, acha feni peke yake hadi barafu iyeyuke, osha chujio, kisha ujaribu tena. Isiporudi, tatizo lilikuwa uchafu. Ikirudi licha ya chujio safi, sasa una sababu ya kuamini kwamba gesi inavuja.

Mashine ya nje

Iangalie bila kuifungua. Je, nguo zimeanikwa mbele yake? Mmea umeifunika? Mabanda na maboksi yameegemezwa? Inahitaji nafasi ya kutoa joto. Kwa nyumba za karibu na bahari, chumvi hula chuma chake mapema, hivyo huhitaji kusafishwa na fundi mara nyingi zaidi.

Usifungue mfuniko wake. Ndani yake kuna kifaa kinachohifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, na kinaweza kumpiga mtu shoti. Usipande ngazi ghorofani kuifikia.

Lini umwite fundi mara moja

Zima breka na uite fundi ukisikia harufu ya kuungua, ukiona cheche, plagi au waya ukipata moto, breka ikishuka tena na tena, au chuma kikisikika kikigongana.

Akifika na kusema ni gesi, muulize kwa heshima maswali matatu: amepima kwa geji? Inavujia wapi, na ataziba vipi? Mashine inatumia gesi gani? Jibu la tatu limeandikwa kwenye kibandiko cha mashine ya nje: R-22, R-410A au R-32, pamoja na uzito wake. Gesi hizi hazichanganywi. R-32 inaweza kushika moto, hivyo haitaki fundi wa kubahatisha. R-22 huharibu tabaka la ozoni na inaondolewa sokoni chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987, kwa hiyo kuiachia hewani ovyo si halali. Fundi anayejua kazi hatachukizwa na maswali haya.

Wakati mkimsubiri

Wanaoumia kwanza kwa joto ni watoto wachanga, wajawazito, wazee na wagonjwa wa moyo. Fungueni madirisha yanayotazamana, lakini chandarua kibaki kitandani. Hata kiyoyozi kikiwa kizima hakichukui nafasi yake. Mtoto wa chini ya miezi sita anyonyeshwe mara nyingi zaidi, asipewe maji. Mfute kwa kitambaa chenye maji ya kawaida na umvalishe nguo nyepesi.

Mtoto akilegea, akikataa kunyonya, akiwa na joto kali mwilini au akikaa saa sita bila kulowesha nepi, mpelekeni kituo cha afya haraka. Kiyoyozi kinaweza kusubiri hadi kesho.