Kanaani ya Nani? Taashira ya Nchi ya Ahadi katika Uwanda wa Uasin Gishu

Ipo ishara moja ya Maandiko ya Kiebrania ambayo sisi Wakenya tumeizoea hata hatuioni tena kuwa ishara. Nayo ni Kanaani. Mhubiri huitaja Jumapili, mwanasiasa huitaja Jumatatu, na mwimbaji wa nyimbo za injili huitaja siku zote saba. Wengi wetu tulikutana nayo utotoni, kabla hatujajua kwamba kuna taaluma iitwayo uhakiki wala istilahi ziitwazo taashira na jazanda. Tuliipokea ikiwa imekwisha kutafunwa: Misri ni dhiki, jangwa ni subira, Kanaani ni raha. Makala haya yanakusudia kuiuliza ishara hiyo swali ambalo limenikera kwa miaka: Kanaani ilikuwa ya nani kabla haijawa ya ahadi?

Swali hilo lina uzito wa pekee hapa Eldoret, kwani uwanda huu wa Uasin Gishu uliwahi kupendekezwa uwe makao ya wana wa Israeli, na pendekezo lenyewe lilitoka serikalini. Mwaka 1903 Joseph Chamberlain, Waziri wa Makoloni wa Uingereza, aliwapendekezea viongozi wa harakati za Kizayuni ardhi katika Afrika Mashariki. Historia huuita Mpango wa Uganda, ijapokuwa eneo lenyewe lilikuwa limekwisha kuhamishiwa Himaya ya Afrika Mashariki mwaka 1902. Theodor Herzl aliuwasilisha mpango huo mbele ya Kongamano la Sita la Wazayuni mjini Basel, Agosti 1903. Damu ya Wayahudi waliouawa Kishinev mwezi Aprili mwaka huo ilikuwa haijakauka, na Herzl alitafuta pa kuwasitiri watu wake kwa haraka. Max Nordau aliyemuunga mkono alieleza kwamba pangekuwa makao ya kulala usiku tu, si nyumba ya kudumu. Hata hivyo wajumbe wengi wa kutoka Urusi, walewale waliohitaji kimbilio kuliko wote, waliupinga. Baadhi yao waliketi sakafuni wakalia, kama waombolezavyo Wayahudi kuanguka kwa Hekalu.

Mwanafunzi wa fasihi hana budi kusita hapo. Tumefundishwa kwamba ishara husimama badala ya kitu kingine, na kwa hiyo yaelekea kwamba kitu hicho chaweza kusimamiwa na ishara nyingine yoyote ifaayo. Wale waliolia Basel waliikana nadharia hiyo kwa machozi. Kwao Sayuni haikuwa jina la usalama ambalo lingeweza kubandikwa juu ya uwanda wowote wenye nyasi na mvua. Nawastahi kwa hilo. Lakini kuna jambo linalonitatiza zaidi. Ujumbe wa watu watatu, Gibbons, Kaiser na Wilbusch, ulikuja kuikagua nchi hii mwanzoni mwa 1905, mfano wa wale wapelelezi wa Musa. Na Kongamano la Saba likaukataa mpango mwaka huohuo. Katika mabishano yote hayo, Wanandi na Wamaasai, ambao malisho na njia za mifugo yao zilikuwa zikipimwa, hawakuulizwa neno. Mnamo Oktoba 1905 Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa na Waingereza katika mkutano uliodaiwa kuwa wa amani. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1908, Makaburu walipanda huku na magari yao ya kukokotwa na ng'ombe, wakiongozwa na Jansen van Rensburg. Hao nao walikuwa wasomaji wakubwa wa Agano la Kale, na wengi wao walizoea kuifananisha misafara ya wazee wao na safari ya Waisraeli jangwani. Mji wetu uliota juu ya shamba lao nambari 64, ndiyo maana wazee wangali wanauita Sisibo.

Yaani katika muda wa miaka mitano tu, uwanda mmoja ulitazamwa mara mbili kwa macho ya kitabu kimoja, na mara zote mbili mwenyeji hakuonekana.

Je, kosa ni la kitabu? Nimekirudia mara kadhaa nikitafuta jibu, nami naona kwamba matini yenyewe ni aminifu kuliko wasomaji wake. Katika Hesabu sura ya 13 wapelelezi wanarudi na kichala cha zabibu kilichobebwa na watu wawili kwa mti, na picha hiyo ndiyo tunayoichora. Ripoti iyo hiyo, hata hivyo, inawataja wakazi kwa majina na mahali: Waamaleki kusini, Wahiti, Wayebusi na Waamori milimani, Wakanaani karibu na bahari. Mwandishi hakusema nchi ilikuwa tupu. Kumbukumbu la Torati sura ya 6 hata linahesabu nyumba, visima na mizabibu ambavyo waingiao watavitumia bila kuwa wamevifanya wao. Sijapata kulisoma fungu hilo bila kuona haya kidogo. Nayo Walawi sura ya 25 inakataza ardhi isiuzwe moja kwa moja, kwa hoja kwamba mwenyewe ni Mungu na Waisraeli wenyewe ni wageni na wapitaji tu kwake. Ahadi na hati ya kumiliki ni vitu viwili, na Walawi inavitenganisha.

Lipo pia jambo la maziwa na asali. Hapa kwetu maziwa si jazanda. Mwanariadha akirudi na medali hupokewa kwa kibuyu cha mursik, na anayekunywa hujua ni ya ng'ombe. Asali ya Kiebrania nayo, kwa maoni ya wataalamu wengi, huenda mara nyingi ilikuwa ya tende. Lakini la kushangaza zaidi limo katika Hesabu sura ya 16, ambamo Dathani na Abiramu, wakimlaumu Musa, wanaitumia sifa ya maziwa na asali kuielezea Misri! Ishara ileile, kinywani mwa waasi, inageuziwa upande wa utumwani. Maandiko yangeweza kuyafuta maneno hayo, wala hayakuyafuta.

Siasa zetu hazina uvumilivu wa namna hiyo. Katika kampeni za mwaka 2017 marehemu Raila Odinga alijinasibisha na Yoshua, na muungano wake ukaahidi kuwavusha Wakenya hadi Kanaani. Wapinzani waliitania safari hiyo, wafuasi wakaiimba. Simlaumu yeye peke yake, kwa kuwa kila upande una Musa wake. Ninachouliza ni hiki: nchi ikiitwa Kanaani jukwaani, nani anateuliwa kimyakimya kuwa Mkanaani? Mzungumzaji halazimiki kumtaja. Taashira humtendea kazi hiyo.

Sisi wa Uasin Gishu tunalo neno la kumtajia. Wakati wa machafuko ya 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, walioonekana kuwa wageni katika Bonde la Ufa waliitwa madoadoa. Tarehe 1 Januari 2008, kanisa la Kiambaa viungani mwa mji huu lilichomwa moto likiwa limejaa wanawake na watoto waliokuwa wamelikimbilia. Torati ilitenga miji sita ya makimbilio na kusema wazi kwamba ni ya mgeni pia. Na kitabu cha Wafalme kinakiri, kwa simulizi ya Yoabu, kwamba mtu anaweza kuuawa akiwa ameshika pembe za madhabahu. Januari 2022 neno hilo lilirudi katika mkutano wa hadhara hapahapa Eldoret, na mwanasiasa aliyelitamka akakamatwa.

Sidai kwamba wanasiasa walilichota katika Biblia. Madoadoa ni neno la Kiswahili cha kila siku. Lakini msomaji wa Mwanzo sura ya 30 hukutana na mifugo ya madoadoa katika masimulizi ya Yakobo. Yakobo ni mgeni katika nchi ya mjomba wake Labani, na amemtumikia miaka mingi. Anapodai ujira wake, wanapatana kwamba wanyama wenye madoadoa watakuwa mali yake. Madoadoa hapo ni jasho la mgeni, na ndiyo kundi linalobarikiwa likaongezeka. Anayewaondoa zizini siku iyo hiyo, akawatia mikononi mwa wanawe na kuwapeleka mwendo wa siku tatu ili Yakobo asiwapate, ni Labani. Na sijamsikia bado mhubiri aliyemchagua Labani kuwa shujaa wa kisa hicho.