Kandanda ya Kigaeli: Mchezo Ulinawiri, Lugha Ikakonda

Mwacha asili ni mtumwa, walinena wahenga. Wazo kama hilo lilimsukuma Michael Cusack na wenzake kukutana mjini Thurles, Ayalandi, mwaka wa 1884, wakaunda Chama cha Riadha cha Kigaeli. Nchi yao ilikuwa chini ya Uingereza, na michezo ya mtawala ilikuwa ikiimeza michezo ya wenyeji. Kandanda ya Kigaeli ni miongoni mwa matunda ya juhudi hizo.

Kila timu huwa na wachezaji 15. Gozi hupigwa kwa mguu au kwa ngumi. Mchezaji haruhusiwi kulibeba kwa zaidi ya hatua 4. Sharti alidunde, ama alidondoshe mguuni na kulirejesha mikononi. Kulidunda mara mbili mfululizo ni kosa. Kwa hivyo, mwanagenzi hana budi kuzoeza mguu na mkono kushirikiana, kwanza akitembea, kisha akikimbia. Lango lina umbo la herufi H: mpira ukiingia wavuni ni goli, lenye thamani ya pointi 3, ukipita juu ya mwamba, pointi 1. Tangu mwaka wa 2025, teke lililopigwa kutoka nje ya tao la mita 40 na kupita juu ya mwamba huleta pointi 2.

Wachezaji hawalipwi mishahara, ilhali uwanja wa Croke Park, Dublin, huweza kubeba watazamaji zaidi ya 82,000. Siri ni kwamba mchezo huu una mizizi vijijini, ambako watoto huucheza.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba chama hicho kilikusudia kuikuza lugha ya Kiayalandi pia. Lugha hiyo ni rasmi kikatiba na hufundishwa shuleni. Hata hivyo, katika sensa ya 2022, watu takriban milioni 1.87 walisema wanaimudu, lakini waliotumia lugha hiyo kila siku nje ya masomo hawakufika 72,000. Ni kweli kwamba ukoloni na njaa kuu ya karne ya 19 viliiumiza mno. Lakini mchezo ulikabidhiwa watoto, nayo lugha ikaachiwa mwalimu.

Msomi wa Kiswahili anayekiacha mlangoni mwa ukumbi wa mihadhara na azingatie hayo. Kanuni za mchezo hukaririwa darasani; mchezo wenyewe huishi uwanjani.