Nusukaputi na Chanjo ya Saratani: Panya Pekee Hatoshi

Tangu Oktoba 1846, William Morton alipoonyesha mjini Boston, Marekani, kwamba mvuke wa etha waweza kumlaza mgonjwa akapasuliwa bila maumivu, nusukaputi imehesabiwa kuwa mtumishi ambaye kazi yake huisha mgonjwa aamkapo. Dhana hiyo yafaa ichunguzwe upya, kwa kuwa sasa saratani hutibiwa pia kwa chanjo zitengenezwazo kwa chembehai za mgonjwa mwenyewe.

Msingi wa chanjo hizo ni chembe za dendriti, zilizoelezwa na Ralph Steinman na Zanvil Cohn mwaka 1973. Kazi yao ni ualimu: hubeba vipande vya adui hadi kwenye tezi za limfu na kuzifundisha chembe T kumtambua. Chembe hutolewa katika damu ya mgonjwa, huonyeshwa alama za uvimbe, kisha hurudishwa mwilini. Mwaka 2010 Marekani iliidhinisha chanjo ya jinsi hii, sipuleuseli-T, kwa saratani ya tezi dume.

Lakini mgonjwa wa saratani aghalabu hupasuliwa pia. Je, dawa imlazayo haiwezi kuidhoofisha kinga inayotarajiwa kufundishwa? Mwaka 2003 watafiti walieleza kwamba ketamini, thiopentali na halotheni zilipunguza nguvu za chembe wauaji wa asili katika panya, na chembe za saratani zikabaki kwa wingi mapafuni. Propofoli haikufanya hivyo. Jambo hili latuhusu, maana ketamini ni tegemeo la vyumba vingi vya upasuaji katika nchi zetu.

Hata hivyo, panya si mtu. Mwaka 2019 yalitangazwa matokeo ya wanawake 2,108 waliopasuliwa kwa saratani ya matiti. Waliopewa ganzi pamoja na propofoli, na waliopewa mvuke pamoja na dawa za jamii ya afyuni, walirudiwa na ugonjwa kwa kiasi kimoja: asilimia 10. Utafiti huo, lakini, haukupima chanjo.

Kwa maoni yangu, mgonjwa asikatae nusukaputi hata kidogo, kwani maumivu na mshtuko wa kisu navyo hudhoofisha kinga. Bali kila jaribio la chanjo hizi liandike dawa ya usingizi iliyotumika, kipimo chake, na siku zilizopita kati ya upasuaji na chanjo. Pasipo kumbukumbu hizo, chanjo ikishindwa tutailaumu yenyewe bila ushahidi.

Nanyi walimu, waulizeni wanafunzi wenu: ni ulinganisho gani utakaotenganisha athari ya dawa na athari ya kisu?