Binti Mkimya na Riziki ya Kazi



Haipiti wiki ila huletewa suali hili na mama zetu: binti yangu ni mkimya, je, atafaulu kazini katika zama hizi za wasemaji? Wako waliokwisha kata shauri kumlipia karo ya chuo kaka mtu, kwa kuwa ni mchangamfu, na binti akae nyumbani. Kwa hao tunaandika.

Mwaka 1991 wataalamu wawili wa Marekani, Murray Barrick na Michael Mount, walizikusanya tafiti nyingi juu ya tabia za watu na utendaji wao kazini. Walitazama wasomi wa taaluma, polisi, mameneja, wauzaji na mafundi. Tabia iliyofaa katika makundi yote hayo ni kujibidiisha, kuwa na mpango, na kukitimiza ukianzacho. Uchangamfu uliwafaa hasa mameneja na wauzaji.

Nasi tulikuwa na habari hiyo. Katika Suratul Qasas, binti wa mzee wa Madyan alipompendekeza Nabii Musa (a.s.) kwa babake ili aajiriwe, alitaja nguvu na uaminifu. Ufasaha hakuutaja, na katika sura iyo hiyo Musa mwenyewe akiri kuwa nduguye Harun ni fasaha kumshinda.

Basi mzazi asimpime mwanawe kwa anavyozungumza na wageni barazani. Ampe daftari la matumizi ya nyumba mwezi mmoja, kisha alifungue na kulisoma. Ampe na huyo kaka mtu pia. (Wengine watashangaa.)

Lakini tusifichane. Iko tabia tunayoisifu mno kwa mabinti, nayo ni ule upole wa kuitikia kila jambo. Timothy Judge na wenziwe walionyesha mwaka 2012 kwamba wapole wa namna hiyo hupata kipato kidogo kuliko wenzao, na wanaume wapole ndio wanaopungukiwa zaidi. Hata hapa kwetu, mshonaji wa mabuibui huona haya kumtajia jirani bei, na mpika mahamri hukopesha mtaa mzima hadi mtaji ukakatika. Haya ni katika imani, ila kudai ujira wa halali si utovu wa haya. Hatusemi binti awe mkali. Afunzwe tu kutaja bei ya buibui kabla hajakata kitambaa, na aanze na shangazi yake.