Anayeuza waya aulizwe rangi

Mtu akiunganisha kompyuta mpakato na runinga akaambulia kioo cheusi, anajua papo hapo kwamba kuna jambo halijakaa sawa. Atachomoa, atachomeka tena, ataazima waya wa jirani. Aliye pabaya zaidi ni yule anayepata picha kamili, inayocheza bila kukwama na sauti yake iko vizuri, ila haina rangi. Kila anachokiona kinamwambia kwamba waya ni mzima na kompyuta ni nzima, kwa hiyo lawama zote huiangukia runinga. Ataambiwa imechoka, ataambiwa tyubu imekwisha, na runinga isiyo na ugonjwa wowote itapelekwa kwa fundi, stoo au jalalani. Naamini mara nyingi hukumu hiyo ni ya uonevu. Runinga inayoonyesha rangi kwa king'amuzi na kuzikosa kwa kompyuta haijaharibika. Imepewa mawimbi isiyoyaelewa, na kilichoyatoa ni kifaa kilichouzwa bila neno moja la maelezo. Wenye dhamana ya maelezo hayo ni aliyekiingiza kifaa nchini na aliyekiuza, kabla ya kumgeukia mnunuzi.

Chanzo cha picha hii ya kijivu ni uamuzi wa zamani, tena uamuzi mzuri. Desemba 1953, Marekani ilipoidhinisha mfumo wa rangi wa NTSC, mamilioni ya nyumba zilikuwa tayari na runinga za nyeusi na nyeupe, na ilitakiwa ziendelee kufanya kazi. Wahandisi wakaiacha picha ya mwangaza jinsi ilivyokuwa, kisha wakaipakia rangi juu yake kwa wimbi lake lenyewe la takriban megahezi 3.58. Runinga mpya ilijua pa kulitafuta wimbi hilo, ile ya zamani ikalipuuza na kuendelea na picha yake ya kijivu. Huko Ujerumani, mhandisi Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken akabuni PAL, mfumo ulioanza kurushwa mwaka 1967, na rangi yake akaiweka kwenye megahezi 4.43. Mwaka huohuo Ufaransa ikaanza na SECAM, mfumo wake yenyewe. Sisi wa Tanzania, Kenya na Uganda tulichukua PAL, na Zanzibar ilianza moja kwa moja na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, miongo miwili kabla Bara haijapata kituo chake cha kwanza mwaka 1994. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Burundi na Kongo zilifuata SECAM. Katika mifumo hii yote rangi ni mzigo uliofungwa kwenye keria ya basi: ukidondoka njiani basi linafika, abiria wote wanashuka salama, na dereva hana habari.

Sasa tukitazame kile kiboksi kinachouzwa Kariakoo na kila mji wenye duka la vifaa vya umeme, kile kinachoiunganisha kompyuta ya leo na runinga ya chogo. Kinatosha kiganjani. Upande mmoja kina tundu la HDMI, upande wa pili matundu matatu ya njano, nyeupe na nyekundu, na ubavuni kina tundu dogo la kukipatia umeme wa USB. Juu yake kumeandikwa HDMI2AV. Ukikigeuza ubavu utaona swichi ndogo mno, ya kusukumwa kwa ncha ya kalamu, yenye maneno mawili: PAL na NTSC. Swichi hiyo ndiyo yenye rangi. Ikiwa imekaa NTSC na runinga yako inaelewa PAL peke yake, runinga itaupokea mwangaza, italitafuta wimbi la rangi kwenye megahezi 4.43, haitaliona, na itakuonyesha picha ya kijivu kama runinga ya mwaka 1953. Kusukuma swichi hakuchukui hata dakika moja. Lakini karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti, kama imo, mara nyingi ni ya Kiingereza na Kichina, na muuzaji aliyeitoa pakiti rafuni hakuambiwa lolote na aliyemletea.

Kando yake rafuni kuna kiboksi kingine, ndugu yake wa kufanana naye umbo, ukubwa na pengine hata rangi ya plastiki. Hicho kimeandikwa AV2HDMI, na kazi yake ni kinyume kabisa: kuipeleka picha ya deki ya zamani kwenye runinga mpya. Ukikibeba hicho kwa haraka hutapata picha yoyote, hata ufanye nini. Dalili ya kuvitofautisha ni swichi ileile ya ubavuni, kwa maana cha pili hakina PAL wala NTSC, kina 720P na 1080P. Halafu kuna waya mtupu wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na pini tatu za rangi upande wa pili, usio na kiboksi wala umeme. Huu kwa kompyuta ya kawaida ni fedha iliyotupwa, kwa sababu HDMI husafirisha picha kwa tarakimu na tundu la njano linataka mawimbi ya analogi, na shaba peke yake haiwezi kugeuza kimoja kuwa kingine. Bado unauzwa.

Kinachoufanya mkanganyiko uwe mgumu kugundulika ni kwamba runinga zenyewe hazilingani. Runinga nyingi za chogo zilizotengenezwa miaka ya mwisho mwisho, hasa zilizolenga masoko ya Asia na Ghuba, zinaelewa mifumo yote, na kwenye menyu zake utakuta mahali pa kuchagua PAL, NTSC, SECAM au kuiachia ichague yenyewe. Za zamani zaidi, au zilizokuja kama mtumba kutoka Ulaya, huenda zinaelewa mmoja tu. Kwa hiyo kiboksi kilekile, swichi ikiwa palepale, kitatoa rangi kwa jirani na kikose rangi kwako. Ukweli huo ndio unaoimaliza runinga ya watu mbele ya mashahidi, kwani kwake kinafanya kazi, kwa nini kwako kishindwe? Jirani hajadanganya na kiboksi si kibovu, ila hitimisho limekosewa. Wanaoagiza magari ya mtumba kutoka Japani wanalijua jambo la namna hii kwa upande wa redio: redio ya Kijapani iliyotengenezwa kwa masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90 haivifikii vituo vyetu vingi, na hakuna anayesema redio imekufa. Kwa magari, soko lilijifunza. Wauzaji wanasema mapema, na kifaa cha kuongeza masafa kinauzwa hapohapo.

Atasema mtu kwamba huku ni kubishana kuhusu vitu vilivyokwisha muda wake. Runinga za chogo zinaondoka, kompyuta na runinga za leo zina HDMI iliyopo tangu Desemba 2002, basi anayetaka rangi anunue runinga ya bapa, yaishe. Hoja hii ina uzito na siikatai yote. Waya wa HDMI kutoka tundu hadi tundu, bila kitu katikati, umefuta kabisa tatizo la PAL na NTSC, na mwenye uwezo wa kutumia njia hiyo asihangaike na nyingine. Lakini tatizo halikuzikwa pamoja na chogo. Runinga nyingi za bapa, ili kubana nafasi, zimelichanganya tundu la njano la AV na tundu la kijani la mfumo mwingine, ule wa waya tatu za kijani, bluu na nyekundu, ambao waya wake wa kijani hubeba mwangaza tu. Chomeka pini ya njano kwenye tundu hilo huku rimoti ikiwa imechagua mfumo wa waya tatu, na runinga mpya kabisa, ya bapa, itakupa picha ya kijivu. Nyingine zimeondoa hata matundu hayo zikaweka kitundu kimoja chembamba kama cha spika za masikioni, kinachodai waya wake maalumu, na waya wa kampuni nyingine, ingawa unaingia vizuri, unaweza kuwa umepangwa tofauti ndani. Na kompyuta mpya nazo zinapunguza matundu, zinabaki na USB-C, ambayo kwenye baadhi ya kompyuta hutoa picha na kwenye nyingine huchaji na kusafirisha mafaili tu. Kila kizazi cha vifaa kinazaa adapta zake, na kila adapta inauzwa kimyakimya vilevile.

Tena kusema watu wanunue runinga mpya ni rahisi kwa asiyejua runinga za chogo ziko wapi. Ziko saluni, ziko kwenye vibanda umiza, ziko kwenye vyuo vidogo vya ufundi na madarasa ambako kompyuta moja ya mwalimu inatazamwa na wanafunzi arobaini. Katika sehemu hizo rangi si urembo. Mwangaza wa picha hupatikana kwa kuchukua takriban asilimia 30 ya nyekundu, 59 ya kijani na 11 ya bluu, vikajumlishwa kuwa kijivu kimoja. Kijani kilichoiva na nyekundu kali vinaweza kutoka vikiwa kijivu kilekile, kwa hiyo mtazamaji wa mechi ya Simba na Yanga atabaki kusubiri mtangazaji amtajie nani ana mpira. Mwalimu wa kemia anayeonyesha video ya karatasi ya litimasi ikigeuka kutoka nyekundu kuwa bluu hatakuwa ameonyesha kitu. Na runinga ikitupwa kwa kosa la swichi, kioo chake kinaondoka na madini ya risasi, ambayo kwa runinga kubwa huzidi kilo moja, kwenda kwenye jalala lisiloandaliwa kuyapokea.

Pingamizi la pili linatoka kwa wauzaji, na kwangu ndilo zito zaidi. Mwenye kibanda cha waya na chaja hana mafunzo ya umeme, faida yake kwa kifaa kimoja ni ndogo, na hajui mteja ana runinga gani nyumbani. Kumtaka awe mhandisi ni kumwonea. Nakubali, na ndiyo maana nasema mzigo uanze juu, kwa mwagizaji. Yeye anaagiza kwa maboksi, anajua kifaa chake kinatoka wapi na kinafanya nini, na kibandiko cha Kiswahili chenye mistari michache hakitampunguzia usingizi: kifaa hiki kinatoa picha kwenye kompyuta kupeleka kwenye runinga ya AV, picha ikikosa rangi sukuma swichi iwe PAL. Muuzaji wa kibandani atakisoma hicho hicho na kumsomea mteja. Shirika la Viwango Tanzania lina mamlaka juu ya ubora wa bidhaa zinazoingia, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kumpotosha mlaji. Sioni kwa nini waya wa HDMI wenye pini tatu, usioweza kugeuza chochote, usihesabiwe kuwa unampotosha anayeuziwa kwa ajili ya kompyuta yake.

Wapo pia wanaosema kazi hii ni ya fundi. Fundi mzuri kweli anajua. Akiletewa kompyuta ya zamani yenye tundu la duara la S-Video, iliyotoa picha ya kijivu kupitia adapta ya bei rahisi, atakumbuka kwamba tundu hilo hutenganisha mwangaza na rangi katika nyaya mbili, kwamba adapta imeunganisha wa mwangaza pekee, na ataziunganisha kwa kapasita ndogo ya pikofaradi 470, na rangi itatokea. Ni ujuzi wa kuheshimiwa. Ila anayeamini runinga yake imekufa hampelekei fundi adapta. Anampelekea runinga, na si kila fundi atakayemrudisha na maneno ya bure kwamba runinga ni nzima, kalete kiboksi.

Mnunuzi naye hajakosa la kufanya, na halihitaji ujuzi. Aanze na kioo cha kompyuta yenyewe, kwa kuwa Windows ina kichujio cha kijivu ambacho kinaweza kuwashwa kwa bahati mbaya. Kompyuta ikiwa na rangi, achomeke king'amuzi kwenye tundu lilelile la runinga kwa waya wa AV. Rangi zikionekana, runinga imesafishika na kesi inahamia kwenye kiboksi na swichi yake, au kwenye menyu ya runinga. Majaribio haya yangeweza kufanyika dukani kabla ya fedha kutoka mfukoni, kama duka lingeweka kaunta runinga moja ya chogo na moja ya bapa. Maduka ya simu hayamwachii mteja aondoke bila kuwashiwa simu yake aione. Maduka ya waya yanamkabidhi pakiti iliyofungwa na risiti iliyopigwa muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, na muhuri huo uendelee kutumika kwa mteja aliyeelezwa anachonunua. Kwa yule ambaye hakuelezwa, kiboksi kirudi kaunta na fedha zirudi kwake.