Kamba si wa Hotelini Tu



Nina dukuduku langu kuhusu kamba wa kukaanga.

Sisi wa Mkuyuni tuko miguuni mwa Uluguru, mbali na bahari. Ndugu zetu wakituletea kamba kutoka Bagamoyo tunawaogopa, tukidhani kuwakaanga ni kazi ya wapishi wa hoteli. Mwezi uliopita nililipia sahani moja mjini. Kamba walikuwa wamelegea kama mkate uliolowa, na mafuta yamerudiwa hata yakawa meusi. Nilijutia pesa yangu.

Akina mama wenzangu, jambo hili halina uchawi. Menyeni kamba, toeni ule uzi mweusi wa mgongoni, wakausheni kwa kitambaa safi. Tieni chumvi, tangawizi na pilipili manga, mazao ya milima yetu wenyewe. Changanyeni unga wa ngano na wa mchele kwa maji baridi, bila kukoroga sana. Wa mchele ndio unaowafanya wakauke. Chovyeni, kaangeni wachache wachache katika mafuta yaliyopata moto sawasawa, dakika 2 au 3. Msiwafunike, maana mvuke huwalegeza. Maganda msitupe, ni supu.

Wauza vyakula nao waache kurudia mafuta meusi. Yanadhuru afya za walaji. Mabwana afya wakipita, wafunue makarai, wasiishie kutazama meza.

Mama wa Nyumbani,
Mkuyuni, Morogoro.